Frateri, chombo kilisikia nini?



Naanza kwa kukiri kosa, maana makala hii yote imetoka humo.

Likizo ya Desemba iliyopita Paroko alinituma kwenye kigango kimoja cha parokia yetu nikatoe mada kwa vijana. Mada ilikuwa juu ya uumbaji na utukufu wa Mungu, nami nilitaka ianze kwa kishindo. Siku chache kabla, kwenye kundi moja la WhatsApp, nilikuwa nimetumiwa kipande cha sauti cha sekunde kama hamsini: miluzi inayopanda na kushuka, mivumo, kisha katikati sauti inabadilika ghafla na kuwa nyembamba zaidi. Maneno yaliyoambatana nacho yalisema kwamba hiyo ni sauti ya mwezi wa sayari ya Mshtarii, imerekodiwa na chombo cha Wamarekani, na kwamba sasa imethibitika mbingu zinaimba. Nikaunganisha simu na spika ya kwaya, nikaomba kanisa zima linyamaze, nikabonyeza. Ilipokwisha nikasema: "Mmesikia kwa masikio yenu wenyewe. Huo ni mwezi, unamsifu Muumba wake." Vijana wakapiga makofi. Mama mmoja mzee, aliyekuwa amebaki nyuma akifagia kanisa, akafanya ishara ya msalaba.

Ulipofika wakati wa maswali, binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. Akasimama, akasema: "Shikamoo, Frateri. Shuleni tumefundishwa kwamba sauti haipiti pasipo na hewa, na huko juu hakuna hewa. Sasa hicho chombo kilisikia nini?"

Sikuwa na jibu. Badala ya kusema hivyo, nikavaa sauti ya mtu mwenye hekima nikamwambia: "Mdogo wangu, mambo ya Mungu hayapimwi kwa fizikia." Watu wakacheka kidogo. Yeye akasema, "Sawa, Frateri," akakaa. Hakuuliza tena siku ile.

Yeyote aliyewahi kufundisha katekisimu anajua kwamba kuna "sawa" za aina mbili. Kuna ile ya mtu aliyeelewa, na kuna ile ya mtu aliyefunga mlango. Yake ilikuwa ya pili, na niliyeufunga ule mlango nilikuwa mimi. Niliporudi seminarini nikaanza kusoma habari za ule mwezi kila nilipopata nafasi. Nataka kuwashirikisha niliyoyapata, kisha niseme lile ninaloamini linatuhusu sote tunaohubiri, tunaofundisha dini, au tunaosambaza tu ujumbe wa simu kwa nia njema.

Chombo kilipima nini?

Kwanza, kipande kile cha sauti si cha kubuni. Tarehe 7 Juni 2021 chombo kiitwacho Juno, cha shirika la anga za juu la Marekani, NASA, kilipita karibu na Ganymede, kikawa kilomita 1,038 tu kutoka kwenye uso wake. Ganymede ndio mwezi mkubwa kuliko miezi yote tunayoijua kuzunguka sayari za jua letu. Kipenyo chake ni kama kilomita 5,268, hivyo unaizidi kwa ukubwa hata sayari ya Utaridi. Ndani ya Juno mna kifaa kilichopewa jina Waves, yaani Mawimbi. Desemba mwaka ule ule Scott Bolton, kiongozi wa utafiti wa Juno, aliwasikilizisha wanasayansi wenzake sekunde hamsini za sauti iliyotengenezwa kutokana na vipimo vya kifaa hicho.

Tulishike neno hilo: iliyotengenezwa. Kifaa cha Waves hakina maikrofoni. Kina antena, kama redio. Kinachopimwa ni mtikisiko wa nguvu za umeme na za sumaku katika eneo ambalo chombo kinapita. Mtikisiko huo una masafa yake, kama vituo vya redio vilivyo na masafa yao. Wataalamu waliyachukua masafa hayo, wakayahamishia kwenye kiwango ambacho sikio la binadamu linaweza kusikia, wakayapeleka kwenye spika. Kama wewe ungeelea pale karibu na Ganymede ukiwa na masikio mazuri kuliko yote duniani, usingesikia kitu.

Binti yule, basi, alikuwa amesema kweli. Sauti tuliyoizoea ni chembe za hewa zinazosukumana, moja ikiigonga nyingine, mpaka msukumo ufike sikioni. Katika hewa tunayovuta, kila sentimita moja ya ujazo, yaani nafasi kama ya ncha ya kidole, ina chembe zaidi ya bilioni bilioni ishirini. Karibu na Ganymede nafasi kama hiyo ina elektroni mia moja hivi, na mara nyingi chini ya hapo. Chembe zilizoachana hivyo haziwezi kubebeana sauti.

Lakini palipo na chembe chache si mahali patupu. Eneo lile lina kitu kinachoitwa plazma. Ukichukua gesi ukaipa nguvu nyingi hata elektroni zake zikaachana na atomi zake, unapata plazma. Jua ni plazma. Radi inapopiga, njia yake hugeuka plazma. Ule mwanga mkali wa fundi wa kuchomelea ni plazma, na hata taa ndefu za tyubu zinazotuwakia darasani zina plazma ndani yake. Kuzunguka Mshtarii, sehemu kubwa ya plazma inatoka kwenye volkano za mwezi mwingine uitwao Io, ambao hutoa karibu tani moja ya vitu kila sekunde. Uga wa sumaku wa Mshtarii huinasa plazma hiyo na kuizungusha pamoja na sayari, ambayo hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa kumi. Ganymede yenyewe hutumia siku saba na kidogo kuimaliza njia yake. Kwa hiyo plazma inaukuta mwezi kwa nyuma na kuupita, kama maji ya mto yanavyolipita jiwe.

Chembe za plazma zina chaji ya umeme, na kwa hiyo hazihitaji kugongana ili zisikilizane. Moja ikisogea, nyingine inahisi kwa mbali. Ukiitikisa plazma mahali pamoja, mtikisiko unasafiri, na unasafiri kwa namna tofauti kulingana na wingi wa chembe na nguvu ya sumaku ya mahali pale. Hayo ndiyo mawimbi ya plazma. Na hayapo mbali nasi hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani Heinrich Barkhausen, alipokuwa akinasa mazungumzo ya simu za adui, alisikia kwenye vifaa vyake miluzi ambayo hakuna mtu aliyeipiga. Maelezo kamili yalipatikana mwaka 1953, kwa kazi ya L. R. O. Storey huko Cambridge. Radi ikipiga upande mmoja wa dunia, wimbi lake linaweza kupanda angani likifuata mistari ya sumaku ya dunia na kushuka upande wa pili wa ikweta. Njiani, masafa ya juu hutangulia na ya chini huchelewa, na ndiyo maana simu ya Barkhausen ilipiga mluzi unaoshuka. Ndugu wa miluzi hiyo ndio waliopimwa Ganymede.

Dalili ya mvua ni mawingu

Sasa nije kwenye jambo ambalo ule ujumbe wa WhatsApp haukulitaja, nalo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Mawimbi haya yaligundua kitu.

Juno haikuwa chombo cha kwanza kupita pale. Miaka 25 kabla yake, tarehe 27 Juni 1996, chombo kilichoitwa Galileo kilipita kilomita 835 tu juu ya Ganymede. Kilikuwa chombo kilema. Antena yake kubwa, iliyokunjwa kama mwavuli, ilishindwa kufunguka mwaka 1991 kikiwa safarini, ikabidi habari zote zitumwe kwa antena ndogo, polepole sana, baada ya kuhifadhiwa kwanza kwenye mkanda. Hata hivyo habari zilifika.

Kikundi cha Donald Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa, kilichosimamia kifaa cha mawimbi ya plazma, kiliona kwamba Galileo ilipoukaribia ule mwezi mawimbi yalilipuka ghafla, yakaendelea kwa muda, kisha yakakoma chombo kilipotoka upande wa pili. Yalikuwa mawimbi ya aina zilizozoeleka mahali penye sayari iliyo na uga wake wa sumaku, kama dunia yetu au Mshtarii wenyewe. Wakati huo huo kikundi cha Margaret Kivelson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilichosimamia kipima sumaku, kiliona nguvu ya sumaku ikipanda mara kadhaa kuliko ile ya Mshtarii mahali pale. Desemba mwaka ule vikundi vyote viwili vilitoa matokeo yao katika jarida la Nature. Ganymede una sumaku yake mwenyewe. Umejitengenezea nyumba ndogo ya sumaku ndani ya nyumba kubwa ya Mshtarii. Mpaka leo ni mwezi pekee unaojulikana kuwa hivyo.

Kutoka hapo wanasayansi wakaendelea kufikiri. Sumaku ya namna hiyo haitokei tu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ndani kabisa ya ule mwezi, chini ya barafu na miamba, kuna kiini cha chuma kilichoyeyuka na kinachotembea. Hakuna mtu aliyekiona. Hakuna chombo kilichotua hata kwenye uso wake. Lakini kutoka kwenye mtikisiko wa chembe mia moja hapa na mia moja pale, akili ya binadamu imeshuka hatua kwa hatua mpaka kwenye moyo wa chuma.

Wenzangu wa falsafa wameshaona ninakoelekea. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanzoni mwa Summa yake, anapouliza kama kuwapo kwa Mungu kunaweza kuthibitishwa, anatofautisha njia mbili za kuthibitisha jambo. Moja inaanza na chanzo na kushuka kwenye matokeo yake. Nyingine inaanza na matokeo tunayoyafahamu na kupanda kwenye chanzo tusichokiona. Bibi zetu walilisema hilo kwa maneno machache: dalili ya mvua ni mawingu. Tulipolisoma darasani, kwangu lilikuwa jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani. Ganymede ndio ulionifanya nione kwamba hiyo ni njia halisi ya akili, inayotembea kwa miguu yake na kufika mahali.

Lakini njia hiyo ina sharti. Huwezi kuruka hatua. Mawimbi ya plazma yanatupeleka kwenye sumaku, na sumaku inatupeleka kwenye chuma. Hayatupeleki kwenye kwaya ya malaika. Ninaamini malaika wapo na wanamsifu Mungu, kwa sababu Kanisa linanifundisha hivyo na ninaungama hivyo kila Misa. Siamini kwa sababu antena ya Juno iliwanasa. Mtomaso halisi anapotaka kupanda kutoka viumbe hadi Muumba hauulizi ule mwezi unaimba wimbo gani. Anauliza kwa nini kuna mwezi hata kidogo, kwa nini kuna mpangilio unaoeleweka, na kwa nini akili ya msichana wa kidato cha tatu inaweza kuushika. Swali hilo halijibiwi na spika ya kwaya.

Onyo la Agostino

Baadhi ya wasomaji watasema: Frateri, umefanya kosa dogo mno kuandikiwa makala. Si kweli kwamba ni dogo, na si mimi niliyelisema kwanza.

Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake cha ufafanuzi wa Mwanzo, anawaonya Wakristo juu ya jambo hili hili. Anasema kwamba hata asiye Mkristo anaweza kujua mengi ya hakika juu ya dunia, mbingu na mwendo wa nyota. Akimsikia Mkristo akisema upuuzi juu ya mambo anayoyajua vizuri, tena akidai kwamba ndivyo imani inavyofundisha, atawezaje kuyaamini Maandiko yetu yanapozungumza juu ya ufufuko na uzima wa milele? Hofu ya Agostino haikuwa kwamba Mkristo ataaibika. Hofu yake ilikuwa kwamba aliye nje atazuiliwa kuingia.

Onyo hilo lina historia chungu. Ganymede ni mmoja wa miezi minne ambayo Galileo Galilei aliiona kwa darubini yake Januari 1610. Mwaka uliofuata Wajesuiti wa Chuo cha Kirumi, wakiongozwa na mzee Clavius, waliitazama wenyewe wakakiri kwamba ipo kweli. Mwaka 1615, Galileo alipojitetea katika barua yake kwa Kristina wa Lorraine, alitumia maneno yale yale ya Agostino. Mwaka 1633 alihukumiwa. Tarehe 31 Oktoba 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea. Chombo kilichogundua sumaku ya Ganymede kilipewa jina la mtu huyo huyo. Kila ninapofikiri habari hii naona kwamba Kanisa lilikuwa na onyo kabatini mwake kwa zaidi ya miaka elfu moja, na bado lilihitaji kukumbushwa. Sembuse frateri mwenye simu.

Tena zama zetu ni ngumu zaidi. Kila siku simu zetu zinapokea "ushahidi": mawingu yenye sura ya Bikira Maria, sauti kutoka jehanamu, maji ya miujiza kwa bei nafuu. Vijana wetu wanayaona yote, na wengi wao wanajua kutafuta ukweli kwenye intaneti kwa dakika mbili. Frateri akisimama altareni na kipande cha sauti asichokielewa, atakuwa amejiweka kwenye foleni moja na wauza maji. Siku atakaposema "Huu ni mwili wa Kristo", jambo lisilopimika kwa kifaa chochote, kijana yule atakumbuka mambo ya mwezi.

Mama aliyefanya ishara ya msalaba

Nilimweleza haya mwenzangu tunayeishi chumba kimoja. Hakukubaliana nami, na hoja yake ni nzuri kiasi kwamba siwezi kuinyamazia. Aliniambia: "Wewe falsafa imekukausha. Yule mama mzee alisikia, akamkumbuka Mungu, akafanya ishara ya msalaba. Je, sala yake ilikuwa ya uongo? Yesu mwenyewe alihubiri kwa mifano. Na mzaburi hakusema mbingu zinatangaza utukufu wa Mungu?"

Juu ya yule mama namjibu hivi: sala yake ilikuwa ya kweli, na Mungu aliipokea kama anavyopokea sala za wanyofu wote. Lakini unyofu wake hauhalalishi uzembe wangu. Mtu akimpa mgonjwa dawa asiyoijua, na mgonjwa akapona, tunamshukuru Mungu. Hatumpi mtu yule ruhusa ya kufungua duka la dawa.

Juu ya mzaburi, tumsome mpaka mwisho. Zaburi ile ya 19 inasema kweli kwamba mbingu zinasimulia, kisha papo hapo inakiri kwamba hakuna usemi wala maneno, na sauti yao haisikiki. Mzaburi alijua alichokuwa akisema. Hakuwahitaji wasikilizaji wake wadanganywe ili wamsifu Mungu.

Juu ya mifano, hapa mwenzangu amenisaidia kufikiri vizuri zaidi. Aliyewaambia wakulima juu ya mpanzi hakuwaambia kwamba ufalme wa Mungu ni punje halisi. Mfano unajulikana kuwa mfano, na hapo ndipo uaminifu wake ulipo. Ile sauti ya Ganymede nayo ni namna ya tafsiri. Tunaposoma Injili kwa Kiswahili hatusomi maneno yale yale ya Kigiriki, lakini hatudanganywi, kwa sababu mpangilio wa maana umehifadhiwa na kila mtu anajua kwamba ni tafsiri. Vivyo hivyo, pale katikati ya zile sekunde hamsini ambapo sauti inakuwa nyembamba, kitu halisi kilibadilika: Juno ilikuwa inaingia eneo lingine la ile nyumba ya sumaku. William Kurth, mmoja wa wanaosimamia kifaa hicho, alisema yawezekana ni kwa sababu chombo kilikuwa kinavuka kutoka upande wa usiku wa Ganymede kwenda upande wa mchana. Tafsiri ile ni aminifu. Kosa langu lilikuwa kuficha kwamba ni tafsiri.

Kwa hiyo sisemi tuache kuicheza sauti ile makanisani. Tuicheze, tena kwa furaha, huku tukisema ni nini. Tuwaambie watu kwamba kuna mtikisiko ambao hakuna sikio lililoumbwa kuusikia, na kwamba binadamu, kiumbe mdogo aliyepewa akili, amejifunza kuutafsiri. Habari hiyo ni kubwa kuliko ile niliyotumiwa kwenye kundi.

Kuna pia ndugu zetu wa upande wa pili, wanaosema: kama ni umeme na sumaku tu, basi Mungu amekosa kazi. Nao wameruka hatua, kwa kinyume tu. Chuma kikielezwa kwamba ndicho chanzo cha sumaku, Muumba hajafukuzwa mahali popote. Tomaso anatufundisha kwamba Mungu huvipa viumbe heshima ya kuwa visababishi vya kweli. Anayedhani Mungu anakaa kwenye yale tu tusiyoyaelewa atalazimika kumhamisha kila mwaka.

Pasaka

Wiki ya Pasaka nilirudi kwenye kile kigango. Nilimwomba katekista dakika chache na vijana baada ya Misa. Nilileta dira ndogo, ile ya kuonyesha kaskazini, na kipande cha sumaku nilichokitoa kwenye spika mbovu. Nikamtafuta yule binti kwa macho, nikasema mbele ya wote: "Desemba uliniuliza swali zuri, nami nikakujibu vibaya. Nilipaswa kusema sijui. Leo najua kidogo." Nikaeleza. Nikazungusha sumaku kando ya dira, sindano ikageuka bila kuguswa, nikawaambia kwamba chembe za plazma nazo zinasikilizana bila kugusana.

Alisikiliza, mkono ukanyooka tena. "Kwa hiyo ndani ya ule mwezi kuna chuma kimeyeyuka. Lakini wamejuaje, na hakuna aliyefika?" Tukakaa pale karibu saa nzima. Safari hii maswali yalitoka kwa wengine pia, na mengine sikuyaweza, nikasema hivyo.

Yule mama mzee naye alikuwepo. Aliposikia yote akaniuliza kwa masikitiko kidogo: "Kwa hiyo, baba, mwezi hauimbi?"

Nikamjibu: "Hauimbi, mama. Si kwa sauti."

Akafikiri. Kisha akasema, "Basi tutauimbia sisi," akaenda zake kuchukua ufagio.

Sijapata katika vitabu vyangu jibu zuri kuliko hilo juu ya kazi ya binadamu katika uumbaji.

Aprili 2023 chombo kingine, Juice, cha shirika la anga za juu la Ulaya, kilirushwa kuelekea kule. Kinatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2031, na kuanza kuuzunguka Ganymede wenyewe mwishoni mwa mwaka 2034, kikiwa na vifaa vya kupima mawimbi haya haya na sumaku ile ile. Mwaka huo, Mungu akipenda, mimi nitakuwa padre kijana mahali fulani, na yule binti anaweza kuwa mwalimu wa fizikia. Ujumbe wa simu utatufikia wote wawili. Naomba wakati huo nisiwe nimesahau kumwuliza yeye kwanza, kabla sijauunganisha na spika.